Ujira wa Shemeji

"Gari linatoa moshi kama jiko la kuni mbichi, halafu unanyoosha mkono nikulipe? Nikulipe nini, moshi?"

Huyo ni kaka yangu mkubwa, amesimama katikati ya gereji, kofia mkononi, anampigia kelele fundi aliyekuwa amekaa juu ya tairi akifuta mikono kwa tambara. Fundi hakupandisha sauti. Alisema tu, "Shemeji, kazi nimefanya. Nilipe kazi yangu, halafu tuzungumze habari ya kufungua upya."

"Kazi gani? Hata kilima cha sokoni halikumaliza!"

"Nilipe, shemeji."

"Silipi."

"Basi gari halitoki hapa."

"Halitoki? Gari langu? Haya, kaa nalo. Tutaonana mbele ya hakimu!"

Mafundi wengine waliacha nyundo wakaanza kucheka, maana walidhani ni utani wa mashemeji. Mmoja akadakia, "Mzee Mizani, mshitaki na huo moshi!" Hata mimi, niliyekuwa napita na mkaa wangu kichwani, nilicheka. Nilikuja kukijutia kicheko hicho, lakini siku ile nani angejua? Fundi yule alikuwa mume wa mdogo wetu. Watu wa nyumba moja hugombana, wakala, wakalala.

Nikueleze kaka yangu ni mtu wa namna gani.

Mtaani humwita Mizani. Akinunua kilo ya sukari, lazima aipitishe duka la pili ipimwe tena, na ikipungua hata kijiko anarudi duka la kwanza kudai kijiko chake. Wenye maduka walikuwa wakimwona kwa mbali wanaambiana, "Toeni vidole kwenye mizani, mwenyewe anakuja." Naye anacheka. Alilipenda jina lile kama mwingine anavyopenda cheo.

Hakuzaliwa hivyo. Mama alipofariki, baba alikuwa ameshatangulia, na kaka ndiyo kwanza anaota ndevu. Mimi nilikuwa bado nasoma shule ya msingi, na mdogo wetu wa mwisho hata kutembea hajajua vizuri. Kaka akaacha shule, akawa utingo wa lori la mchanga. Mwenye lori alimlipa wiki ya kwanza. Wiki ya pili akamwambia njoo kesho, na kesho hiyo haijafika mpaka leo. Tulikunywa uji wa maji mpaka tukauchukia. Tangu hapo kaka akaapa kwamba hakuna binadamu atakayemla tena.

Lakini mdogo wetu, kaka alimlea kwa mikono miwili. Alimbeba mgongoni kwa nguo ya mama mpaka machimboni, na madereva walipomcheka, "Jamani, utingo ana mtoto!" alijibu, "Ndiyo, tena mzuri kuliko wenu." Alimsuka mwenyewe. Nywele zilisimama kama kuku aliyenyeshewa, na nikitaka kuzifumua nimsuke vizuri, mtoto analia, anazitaka zile zile za kaka. Alipokua akamsomesha mpaka sekondari. Mimi niliishia shule ya msingi, wala silalamiki. Hela ilikuwa moja na mtoto alikuwa na akili.

Kwa hiyo fundi alipokuja kuposa, Mizani alimkagua kama mtu anayenunua gari kuukuu. Alibakiza kumfungua mdomo amtazame meno. Mwisho akaniambia pembeni, "Huyu hasemi sana. Mtu asiyesema sana ama ni mwizi ama ni mwema." Nikamwambia, "Basi mchunguze." Akamchunguza mwaka mzima, akaridhika, akamtoa mdogo wetu huku analia kuliko bibi harusi.

Fundi akawa wetu. Ile pikapu ya kaka, aliyoinunua kwa miaka ya kubeba mizigo ya watu, ilikuwa mikononi mwa shemeji yake kila ikikohoa. Alimtengenezea kwa nusu bei, na Mizani bado anapunguza.

Sasa pikapu ikaanza kuchemsha. Ukiikimbiza kidogo tu, maji yanaruka kutoka kwenye rejeta, na oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa. Fundi akafungua, akaona mara moja. Kuna kitu kinaitwa gasketi, bamba jembamba linalokaa kati ya injini na kifuniko chake, kazi yake ni kuzuia maji na oili visikutane. Ilikuwa imeungua.

"Nipe hela nikaichukue mimi," fundi akamwambia. "Duka la kweli nalijua."

Hapo ndipo ugonjwa wa watu wetu ulipoingia. Kila mwenye gari anaamini kwamba fundi akitumwa spea lazima aweke cha juu chake. Na ni kweli, wengi huweka. Basi mwenye gari anakwenda dukani mwenyewe, na kwa kuwa hajui lolote juu ya spea, anauziwa takataka, anarudi nayo kifua mbele kwamba yeye hakuliwa. Nimewaona wenye elimu zao wakifanya hivyo, sembuse Mizani. Kaka alikwenda mwenyewe. Akazunguka maduka, akapunguziwa bei na mtu mmoja mwenye meza pembeni ya barabara, akarudi na gasketi ndani ya mfuko wa nailoni, anapiga mluzi.

Fundi akaifunga. Walikubaliana ujira ulipwe jioni, gari likishafanya safari. Safari ya kwanza ilikwenda. Ya pili, na saruji mgongoni, gari likachemsha katikati ya kilima cha sokoni, moshi mpaka watu wakakimbia wakidhani linawaka moto. Likavutwa kwa kamba mpaka gereji, na yaliyofuata nimekwisha kuyasema.

Nilimfuata kaka jioni ile. Chumba changu na chake vinatazamana uani, kwa hiyo kumkwepa mwenzako haiwezekani hata ukitaka.

"Kaka, yule ni mume wa mdogo wetu."

"Sheria haina shemeji."

"Wewe unaye."

"Ninaye aliyeniharibia gari, akalizuia, na kila siku likikaa pale mimi sili. Unataka nimpigie makofi?"

Nikasema, "Lipa ujira, kaka, ni hela ya siku chache tu, ulitoe gari." Akaniambia mimi ndiyo maana naibiwa hata nyanya. Sikunyamaza, mimi si wa kunyamaza, tukarushiana maneno mpaka majirani wakafunga madirisha kwa heshima, wakabaki wanasikiliza kwenye upenyo.

Kesho yake mdogo wetu akaja mwenyewe. Alikuwa na mimba ya kwanza, bado changa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kaka, akamshika goti kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo akitaka kitu.

"Kaka, achana na kesi. Mimi nilikuwepo siku ile gereji."

"Ulikuwepo kufanya nini? Haya ni ya wanaume. Nenda kapumzike, mwanangu."

"Lakini kaka, nilisikia..."

"Nimesema nenda."

Akaondoka. Sikumuuliza alisikia nini. Nilikuwa na hasira na wote wawili na chungu jikoni kinaungua.

Kesi haikukawia sana kuitwa, lakini gari lilikuwa limekwisha pigwa na mvua mbili kubwa pale uani kwa fundi, boneti iko wazi. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, mabenchi yamelainika kwa makalio ya watu, feni ya juu imesimama, na karani anayepiga chafya. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, sauti yake haina haraka. Mimi nilikaa mbele. Mdogo wetu alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Kaka akaeleza. Aliongea vizuri, huo ni ukweli. Akasema gari lilitengenezwa, likafa safari ya pili, sasa anadaiwa ujira wa kazi iliyokufa na gari limezuiliwa. Watu wakatikisa vichwa. Nani asiyewahi kulizwa na fundi?

Hakimu akauliza, "Hiyo gasketi ilinunuliwa na nani?"

"Mimi, mheshimiwa. Lakini fundi aliiona kwa macho yake akaifunga. Fundi akifunga kitu, amekikubali."

Hakimu akamgeukia fundi. "Mteja akikuletea kifaa kibaya, ukaona ni kibaya, wajibu wako ni nini?"

"Kumwambia, mheshimiwa."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Nilisema hii haimalizi wiki. Akasema funga hiyo hiyo, hela yangu imeshatoka."

"Unasikia?" Hakimu akamtazama kaka juu ya miwani. "Kama alikuonya na wewe ukashikilia, ujira wake ni halali yake. Kama hakukuonya, amefanya kazi ovyo na hakuna cha kulipwa. Kesi yenu yote iko hapo. Alikuonya?"

Kaka hakumtazama hakimu. Akaangalia kofia yake.

"Hakuniambia kitu, mheshimiwa."

"Fundi, kuna mtu mwingine aliyesikia ukimwonya?"

Fundi akageuza shingo kuelekea nyuma. Wote tukageuka naye. Mdogo wetu alikuwa ameshanyanyuka nusu, mkono mmoja umeshika benchi la mbele yake, mdomo umefunguka. Fundi akamtazama kama unavyomtazama mtoto anayetaka kuvuka barabara na gari linakuja. Akatikisa kichwa, kidogo tu.

"Hakuna, mheshimiwa. Tulikuwa wawili."

Mdogo wetu akakaa. Benchi likalia. Kaka hakugeuka, lakini masikio yake niliyaona yakisimama, na masikio ya mtu hayajui kudanganya.

Hukumu ikasomwa. Fundi hakuthibitisha kwamba alionya, kwa hiyo hawezi kudai ujira wa kazi iliyoshindikana. Gari lirudishwe kwa mwenyewe. Fidia ya siku ambazo halikufanya kazi haipo. Kila mtu abebe gharama zake. Kaka alishinda. Watu wakampa mkono nje. Yule fundi mwenye mdomo, wa pale gereji, naye alikuwepo akapiga kelele, "Mizani imelalia upande wake leo!"

Mdogo wetu akapita katikati yao mpaka mbele ya kaka.

"Hongera, kaka," akasema. Basi, hilo tu. Akaendelea na njia.

Nikamkimbilia, nikamkamata kwenye kona ya ukuta. "Wewe, ulitaka kusimama ukasema nini?"

"Nilikuwepo, dada. Nilimpelekea mume wangu chakula. Nimeshika bakuli, nawasikiliza. Alimwonya si mara moja."

"Na umekaa kimya?"

"Mume wangu alinikataza tangu nyumbani. Aliniambia, 'Aliyekubeba mgongoni huwezi kumnyooshea kidole mbele za watu. Acha nipoteze mimi.'" Akajifuta uso na upindo wa nguo yake. "Nikamwambia sawa, kwa sababu nilijua sitahitajika. Nilijua kaka atasema mwenyewe. Nilijiambia, nikiwa ndani ya chumba kile, kaka hawezi kusema uongo. Nilikaa pale kwa ajili hiyo tu."

Mimi ni mtu wa maneno. Siku hiyo nilimsindikiza tu mpaka njia panda, nikageuka.

Gari likavutwa kwenda gereji nyingine, upande wa pili wa mji, kwa fundi asiye ndugu wala jirani. Kaka alinichukua nimsaidie kukaa kwenye usukani wakati yeye analisukuma kuingia ndani, kwa hiyo nilikuwepo kifuniko cha injini kilipofunguliwa. Yule fundi mpya akainua gasketi kwa vidole viwili, akaikunja, ikakunjika kama kadi.

"Aliyefunga kafunga vizuri kabisa," akasema. "Angalia nati zilivyokazwa. Lakini hii, mzee wangu, nani alikuuzia? Na kifuniko chenyewe kimeshapinda, maji ya mvua nayo yamekula ndani. Hapa ni injini nyingine, au uza kwa kilo."

Kaka aliuza kwa kilo. Na safari hiyo hakupima mara mbili.

Kule kwa shemeji mambo yalikwenda chini haraka. Wateja wa gereji ni kama ndege, mmoja akiruka wote wanaruka. Akawa "fundi wa kesi." Mwenye gari akifika pale, mwenzake anamnong'oneza, huyo alishindwa mahakamani, anafunga tu chochote. Ikawa anashinda juu ya tairi lake anatazama barabara. Siku moja akaviuza vifaa vyake vizito, akachukua mkewe, wakahamia mji mwingine ambako alipata kibarua kwenye gereji ya mtu. Mdogo wetu alikuja kuniaga mimi. Kaka alikuwa chumbani kwake, mlango uko wazi, hatua chache tu kutoka tuliposimama. Mdogo wetu aliutazama ule mlango. Kaka hakutoka, yeye hakuingia. Natamani hata leo ningemshika mmoja sikio nikamburuta kwa mwenzake, lakini ndugu wakishakuwa watu wazima masikio yao yanakuwa mbali.

Wanaosema majuto ni mjukuu hawamalizi: mjukuu huyo akishafika haondoki, anataka kulala chumbani kwako. Kaka akarudi kusukuma mkokoteni sokoni, kwa umri ule. Akaacha kupima sukari. Alipunjwa nyanya mbele ya macho yangu, akachukua mfuko akaondoka. Wenye maduka walidhani anaumwa.

Mtoto alizaliwa. Mdogo wetu akanipigia simu, nikaweka sauti kubwa makusudi, pale uani. Mtoto alikuwa analia. Kaka akaja akasimama nyuma yangu, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza redio mbovu.

Nikamnong'oneza, "Sema naye."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie hongera."

Akarudi nyuma kama nimemchoma kwa kijinga cha moto. "Hilo neno," akasema, "siwezi kumwambia yule." Akaingia ndani.

Nikamfuata mpaka mlangoni, maana uvumilivu wangu ulikuwa umekwisha siku nyingi. "Hongera huwezi, pole huwezi, ukweli ulishindwa kuusema mbele ya hakimu. Wewe unaweza nini sasa?"

Alikuwa amekaa kitandani. Akanijibu polepole, "Dada, sikutaka kumla. Naapa. Niliogopa tu kuonekana nimeliwa na yule muuza spea wa meza ya barabarani. Mbele ya watu wote wale, mimi, Mizani, nimeuziwa karatasi."

Kwa hiyo hicho ndicho kilichotuondolea mdogo wetu. Nilitaka kumtukana, nikakuta analia, nikaenda kumchemshia maji ya kuoga.

Mtoto alipokuwa ameshaanza kutembea, kaka alinigongea asubuhi moja amevaa shati la kola. "Twende," akasema. Sikuuliza wapi. Tukapanda basi, yeye mkono umekaa juu ya mfuko wa shati njia nzima.

Gereji ile ilikuwa kubwa, ina paa la bati na magari ya wenye nacho. Shemeji alikuwa ndani ya ovaroli yenye jina la mtu mwingine mgongoni. Amekonda. Alipotuona akasimama wima, akaweka spana chini taratibu. Wateja kadhaa walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri magari yao.

"Shikamoo, dada," akaniamkia mimi kwanza. Kisha, "Karibu, shemeji."

Kaka hakukaa. Hakushusha sauti pia, nadhani alikuwa ameamua hivyo tangu nyumbani. "Nimeleta ujira wako. Gasketi ilikuwa takataka, niliinunua mimi. Ulinionya nikakataa, na mahakamani nikasema hukunionya. Nilisema uongo."

Wale wa kwenye benchi wakageuka kututazama. Shemeji akafuta mikono, akapokea zile noti, akazihesabu. Akazitenga mafungu mawili.

"Hii ndiyo kazi yangu," akasema, akitia fungu moja mfukoni. "Hii nyingine si yangu."

"Ni ya usumbufu, shemeji. Ya gereji yako. Chukua."

"Gereji yangu haifiki kwenye hela hii."

Hakusema kwa ubaya. Nadhani ingekuwa kwa ubaya ingekuwa nafuu.

Mdogo wetu akatokea nyuma, maana chumba chao kilikuwa pale pale uani, amemshika mtoto mkono. Sijui alisikia kuanzia wapi. Kaka akachuchumaa, akanyoosha mikono, akasema, "Njoo, njoo kwa mjomba." Mtoto akamtazama, akajificha nyuma ya mguu wa mama yake.

"Hakujui," mdogo wetu akasema.

"Ndiyo," kaka akasema. Akabaki pale chini, kwa sababu kusimama nako kunataka nguvu.

"Ningekusamehe hata ungeshindwa kesi," mdogo wetu akasema. "Ungeshindwa, nikakupikia, tukacheka. Sasa sijui nikusamehe kwa namna gani. Sijajua bado."

"Sikuja kuomba hilo. Nimekuja kulipa."

"Basi umelipa."

Akalichukua lile fungu la pili mkononi mwa mumewe, akamwinua kaka kwa kiwiko, akazitia zile noti kwenye mfuko wa shati lake. Akafunga kifungo cha mfuko, akakivuta kuona kama kimekaza.

"Hii ni nauli," akasema. "Gari si uliuza?"